Kutoka Skima hadi Klasi: Historia ya Ufungamanishaji wa Hati za XML na Objekti za Programu, 1998–2018

1.0 Utangulizi

Hati ya XML na objekti ya programu ni vitu viwili vyenye asili tofauti. Hati ni maandishi yaliyopangwa kama mti, yenye mfuatano maalumu, na huweza kusomwa na mtu au na mashine yoyote. Objekti ni umbo lililomo katika kumbukumbu ya kompyuta, lenye sehemu ambazo aina zake zinajulikana na tabia zilizoambatanishwa nazo. Tangu mwaka 1998, wataalamu wa programu wamejitahidi kuvuka kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili bila kupoteza maana njiani. Njia iliyopata wafuasi wengi ni ile ya kuchukua skima, yaani maelezo rasmi ya muundo wa hati, na kuiachia programu maalumu izalishe klasi kutokana nayo.

Makala haya yanachunguza historia ya njia hiyo kwa muda wa miaka 20, kuanzia kupitishwa kwa XML 1.0 hadi kuondolewa kwa JAXB katika Java 11. Mkazo umewekwa katika lugha ya Java, kwa kuwa huko ndiko hatua zote za safari zilikoandikwa hadharani, lakini mifano ya jukwaa la .NET imetumika kwa ulinganisho. Hoja kuu inayotetewa ni kwamba matatizo ya ufungamanishaji yalitokana na mvutano juu ya mamlaka: je, mwenye neno la mwisho kuhusu maana ya data ni hati au ni programu inayoisoma? Kila kizazi cha zana kilijibu swali hilo kwa namna yake, na kila jibu lilikuwa na gharama iliyolipwa na mtu mwingine.

2.0 Usuli: Hati Kabla ya Aina za Data

XML ilizaliwa katika ulimwengu wa wachapishaji. Mzazi wake, SGML, alikuwa kiwango cha kimataifa cha mwaka 1986, ISO 8879, kilichokusudiwa kutunza nyaraka kubwa kama miongozo ya mitambo na vitabu vya sheria. Kikundi cha W3C kilichoongozwa na Jon Bosak kilikipunguza kiwango hicho ili kifae kwenye wavuti, na tarehe 10 Februari 1998 XML 1.0 ikatangazwa kuwa pendekezo rasmi. Wahariri wake walikuwa Tim Bray, Jean Paoli na C. M. Sperberg-McQueen.

Pamoja na XML ilirithiwa DTD, ambayo ndiyo ilikuwa skima ya wakati huo. DTD iliweza kusema kwamba elementi ya ankara ina mteja mmoja na bidhaa moja au zaidi. Haikuweza kusema kwamba idadi ya bidhaa ni namba wala kwamba tarehe ni tarehe. Kwa mchapishaji huo haukuwa upungufu, kwani kwake kila kitu ni maandishi. Kwa mwandishi wa programu ya biashara, ulikuwa upungufu mkubwa.

Zana za kwanza za kusoma XML zilifuata mtazamo huohuo wa hati. SAX, iliyotolewa mwezi Mei 1998 kwa uongozi wa David Megginson, iliitangazia programu kila elementi ilipofunguka na kufungwa. DOM ya ngazi ya kwanza, iliyopitishwa na W3C mwezi Oktoba mwaka huohuo, iliijenga hati nzima katika kumbukumbu kama mti wa vifundo. Katika njia zote mbili, mwandishi wa programu alitaja majina ya elementi kama maandishi matupu na kubadilisha mwenyewe maandishi kuwa namba. Kosa la herufi moja katika jina la elementi halikuonekana wakati wa kukompaili; lilijitokeza programu ikiwa tayari kazini, mara nyingi mbele ya mteja.

Kiu ya ufungamanishaji ilitokana na hali hiyo. Iwapo muundo wa hati unajulikana mapema, kwa nini kompaila isiujue pia?

3.0 Skima ya Mwaka 2001

Kati ya mwaka 1998 na 1999 mapendekezo kadhaa ya kuchukua nafasi ya DTD yalifikishwa W3C, yakiwemo XML-Data, DCD, DDML na SOX. SOX ina umuhimu wa pekee katika historia hii, kwa sababu jina lake lenyewe lilitangaza kuwa ni skima ya XML ya kiobjekti. Waandishi wake walitaka urithi wa aina na uzalishaji wa msimbo kutokana na skima. Kwa hiyo wazo la klasi zinazozalishwa lilikuwepo mezani kabla ya skima yenyewe kukamilika.

Tarehe 2 Mei 2001 W3C ilipitisha XML Schema katika sehemu tatu. Sehemu ya pili iliorodhesha aina 44 za data zilizojengwa ndani: 19 za msingi na 25 zilizotokana nazo. Sehemu ya kwanza ilileta aina changamano, pamoja na njia mbili za kutengeneza aina mpya kutoka aina iliyopo: kuongeza na kubana.

Kwa macho ya mwandishi wa Java, mengi yalionekana kufanana na alivyovizoea. Aina changamano ilifanana na klasi, elementi ya ndani ilifanana na sehemu ya klasi, na kuongeza kulifanana na urithi. Hata hivyo, ufanano huo ulikuwa wa nusu. Kubana aina hakuna mwenzake katika Java: klasi ndogo hurithi kila sehemu ya klasi mama na haiwezi kuikana hata moja. Aidha, skima iliruhusu uteuzi baina ya elementi, maandishi yaliyochanganyika na elementi, na makundi ambamo elementi moja huweza kushika nafasi ya nyingine. Skima ilijaribu kuwahudumia mabwana wawili, mchapishaji na mwanaprogramu, na kila mmoja alikuta ndani yake vitu ambavyo hakuviomba.

Si wote walioridhika na njia hiyo. James Clark na Murata Makoto waliunganisha kazi zao kuwa RELAX NG, iliyokamilishwa chini ya OASIS mwaka 2001 na baadaye kuwa sehemu ya kiwango cha ISO/IEC 19757. RELAX NG ilieleza sarufi ya hati tu, wala haikuwa na mfumo wa urithi wa aina. Ilisifiwa kwa usafi wake, lakini zana kubwa za kuzalisha klasi ziliegemea upande wa W3C.

4.0 Adelard na JAXB 1.0

Kampuni ya Sun Microsystems ilianzisha kazi ya ufungamanishaji mwaka 1999 kupitia ombi la JSR 31, mradi uliojulikana kwa jina la ndani la Adelard. Rasimu ya awali ya mwaka 2001, iliyoandaliwa na Mark Reinhold, ilitegemea DTD pamoja na faili la pili lililoieleza kompaila namna ya kufasiri kila elementi. Kupitishwa kwa XML Schema mwaka huohuo kulilazimisha kazi hiyo ianzwe karibu upya. JAXB 1.0 ilikamilika mwaka 2003.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuueleza. Mwandishi aliipa kompaila ya skima, iliyoitwa XJC, faili la skima. Kompaila ikatoa mafaili ya Java. Skima iliyosema kwamba bidhaa ina jina la aina ya `xs:string`, idadi ya aina ya `xs:int` na bei ya aina ya `xs:decimal`, ilizalisha interfesi yenye njia za kusoma na kuandika sehemu tatu: `String`, `int` na `BigDecimal`. Kuanzia hapo, aliyekosea jina la sehemu alisimamishwa na kompaila siku hiyohiyo.

Faida hiyo ilikuja na masharti. JAXB 1.0 ilizalisha interfesi pamoja na klasi za utekelezaji zilizofungwa na maktaba ya mtoaji mmoja. Klasi zilizozalishwa kwa zana ya kampuni moja hazikuweza kutumika na maktaba ya kampuni nyingine. Vilevile, baadhi ya vipengele vya skima, kama makundi ya elementi mbadala, havikuwa vya lazima. Mtu aliyepokea skima kutoka taasisi nyingine hakuwa na uhakika kwamba zana yake ingeikubali.

Toleo la 2.0, lililotokana na JSR 222 na kukamilika mwaka 2006, lilirekebisha kasoro hizo kwa kutumia Java 5 ya mwaka 2004. Badala ya interfesi, XJC ilitoa klasi za kawaida zenye anotesheni. Orodha zilipata aina zake, na thamani zilizoorodheshwa katika skima zikawa orodha thabiti za Java. Skima nzima ya W3C ilitakiwa kukubaliwa. Mwezi Desemba 2006 JAXB iliwekwa ndani ya Java 6 yenyewe, kwa kuwa huduma za wavuti za JAX-WS ziliitegemea. Kuanzia hapo, kila aliyekuwa na Java alikuwa na kompaila ya skima mkononi.

5.0 Mahali Ambapo Vipimo Havikulingana

Mwaka 2007 Ralf Lämmel na Erik Meijer walichapisha uchambuzi mpana wa kutolingana kati ya XML na objekti. Mifano minne inatosha kuonyesha kwamba suala hili lilikuwa zaidi ya nadharia.

Mfano wa kwanza ni uteuzi. Skima yaweza kusema kwamba malipo yana ama fedha taslimu ama namba ya akaunti, kimoja tu. Kwa kawaida XJC hutoa klasi yenye sehemu zote mbili. Mwandishi anaweza kuzijaza zote au kuziacha zote, na kompaila haimwambii lolote. Uteuzi unaorudiwa hutolewa kama orodha moja yenye jina lililounganishwa kutokana na majina ya elementi zake. Zana ya `xsd.exe` ya .NET, iliyotoka mwaka 2002, ilitoa sehemu ya aina ya jumla iliyoitwa `Item`, na pale aina zilipofanana iliongeza sehemu nyingine ya kutaja elementi iliyokusudiwa. Kila zana ilihifadhi data na kupoteza kanuni.

Mfano wa pili ni ukosefu. Katika skima, elementi inaweza kutokuwepo kabisa, kuwepo ikiwa imetangazwa kuwa haina thamani, au kuwepo na thamani. Hizo ni hali tatu. Rejeo la Java lina hali mbili tu: lina objekti au halina. Ili kuiokoa hali ya tatu, JAXB 2.0 ilifungasha thamani ndani ya `JAXBElement`, nao waandishi wengi walilalamika kwamba msimbo wao ulikuwa umejaa maganda.

Mfano wa tatu ni namba. Aina ya `xs:integer` haina kikomo cha ukubwa. Java iliifasiri kuwa `BigInteger`, ambayo pia haina kikomo. Kwa kukosa aina ya namna hiyo wakati ule, .NET iliifasiri kuwa maandishi. Skima moja iliyosainiwa na pande mbili ilizaa namba upande mmoja na maandishi upande wa pili. Mkataba ulikuwa mmoja. Uelewa ulikuwa miwili.

Mfano wa nne ni tarehe, na huu ndio uliokuwa na madhara yaliyojificha zaidi. Skima inaruhusu tarehe isiyotaja ukanda wa saa. JAXB 1.0 ilitumia `Calendar`, ambayo ni lazima iwe na ukanda. Kwa hiyo kompyuta iliweka ukanda wake yenyewe. Tarehe 1 Mei iliyosomwa katika seva iliyo saa tatu mbele ya Greenwich iligeuka kuwa usiku wa manane wa mahali hapo. Ikihesabiwa kwa saa za Greenwich, ni saa tatu usiku tarehe 30 Aprili. Siku ya kuzaliwa au siku ya mwisho ya kulipa deni iliweza kurudi nyuma siku moja bila kosa lolote kuripotiwa. `XMLGregorianCalendar`, iliyokuja na Java 5 na kutumiwa na JAXB 2.0, iliundwa ili kuweza kusema kwamba ukanda haukutajwa. Ilikuwa ngumu kuitumia, lakini haikubuni jambo ambalo hati haikulisema.

6.0 Majibu Matatu

Waliokabiliana na mapungufu hayo walijigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilitaka skima ijinyime. Katika warsha ya W3C iliyofanyika Redwood Shores, California, mwezi Juni 2005, watumiaji wa XML Schema walieleza uzoefu wao wa kutopatana kwa zana. Baadaye kiliundwa kikundi cha kuorodhesha miundo ya skima ambayo zana nyingi ziliweza kuifungamanisha bila matatizo. Microsoft ilikwenda mbali zaidi mwaka 2006 kwa `DataContractSerializer`, ambayo haikukubali uteuzi wala data iliyowekwa katika atributi. Hapa programu ndiyo iliyopewa mamlaka: hati iliruhusiwa kusema yale tu ambayo klasi inaweza kuyabeba.

Kundi la pili lilitaka hati ibaki nzima. XMLBeans, iliyoanzia kampuni ya BEA na kukabidhiwa Apache mwaka 2003, ilizalisha klasi kutokana na skima, lakini nyuma ya klasi hizo iliitunza hati yenyewe pamoja na mfuatano wake. Objekti ilikuwa dirisha la kuitazamia hati. Gharama yake ilikuwa kumbukumbu kubwa na maktaba nzito.

Kundi la tatu lilitaka lugha ya programu ndiyo ikue. Katika maabara ya utafiti ya Microsoft, Erik Meijer, Wolfram Schulte na Gavin Bierman waliunda lugha ya majaribio ya Cω, iliyoingiza uteuzi na mifuatano katika mfumo wa aina wa lugha yenyewe. Lugha hiyo haikuingia sokoni, lakini sehemu ya mawazo yake ilijitokeza katika LINQ mwaka 2007. Jambo la kuzingatia ni kwamba LINQ ilipofika kwa umma, upande wake wa XML uliacha klasi zilizozalishwa na kurudi kwenye mti wa hati uliorahisishwa.

7.0 Wakati kama Mtihani

Mapungufu yaliyoelezwa hapo juu yaliweza kuvumiliwa katika siku ya kwanza ya mfumo. Mtihani mkubwa ulikuja skima ilipobadilika.

Tuseme toleo jipya la skima ya ankara linaongeza elementi ya kodi. Mfumo wa kati, ambao klasi zake zilizalishwa kutokana na skima ya zamani, unapokea ankara, unabadilisha hali yake, kisha unaipeleka mbele. Kwa mpangilio wake wa kawaida, JAXB 2.0 ilipokutana na elementi isiyoijua iliiruka. Kodi ilipotea kimyakimya, na hati iliyotoka ilikuwa halali kabisa kwa skima ya zamani. JAXB 1.0 ilikuwa kali zaidi: ingekataa na kuusimamisha mfumo. Kati ya mfumo unaosimama na mfumo unaosahau, wabunifu walichagua unaosahau, na mara nyingi aliyeathirika ni mpokeaji wa mwisho, ambaye hakushirikishwa katika uamuzi huo.

XSD 1.1, iliyopitishwa mwezi Aprili 2012, ilileta njia bora za kuacha nafasi kwa elementi zijazo. Lakini XJC iliendelea kulitegemea toleo la 1.0, na hivyo tiba haikumfikia mgonjwa. Wakati huohuo huduma mpya za wavuti zilikuwa zikihamia JSON, ambayo ilieleweka kwa urahisi zaidi na objekti za lugha nyingi na ilianza kutumika bila skima yoyote.

Hatua ya mwisho ilikuwa ya kiutawala. Java 9, ya Septemba 2017, iliitangaza moduli ya JAXB kuwa ya kuondolewa. Java 11, ya Septemba 2018, iliiondoa pamoja na XJC kwa mujibu wa JEP 320. Kazi ya kuitunza ilihamia Eclipse Foundation chini ya Jakarta EE, ambako baadaye hata jina la pakiti lilibadilika kutoka `javax` kuwa `jakarta`. Programu ambazo hazikuguswa kwa miaka mingi zilishindwa kukompaili au kuanza, ingawa skima zao na hati zao hazikuwa zimebadilika hata kwa herufi moja.

Tukio hilo linatoa ushahidi mzito kwa hoja ya makala haya. Skima ya mwaka 2003 bado inasomeka leo. Klasi iliyozalishwa kutokana nayo haiishi bila maktaba iliyoiandamana. Waliohifadhi skima na kuzalisha klasi upya katika kila ujenzi wa programu walivuka kwa kubadilisha mipangilio ya mradi. Waliozalisha klasi mara moja, wakazihariri kwa mkono na kuitupa skima, walibaki na msimbo usiokuwa na asili.

8.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa inaonyesha kwamba klasi inayozalishwa ni tafsiri, na kama tafsiri nyingine yoyote huchagua cha kubakiza na cha kuacha. Majina, muundo na aina za msingi huvuka vizuri. Uteuzi, mfuatano, mipaka ya thamani na tofauti kati ya kisichokuwepo na kisichotajwa huvuka kwa shida au hubaki ng'ambo. Sehemu ambayo skima imeipa urefu usiozidi herufi 10 huwa `String` isiyo na kikomo. Kanuni hiyo huendelea kulindwa na mhakiki wa skima pekee, endapo mtu atakumbuka kumwita.

Matokeo hayo yana uzito hadi sasa. Ujumbe wa malipo wa ISO 20022, unaotumiwa na mabenki duniani, umeelezwa kwa XML Schema. Hati za Office Open XML, kiwango cha ECMA-376 cha mwaka 2006, vilevile. XMLBeans ilistaafishwa na Apache mwaka 2014, lakini mwaka 2018 ilichukuliwa na mradi wa Apache POI, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikizisoma hati hizo. Zana ilihitajika kwa sababu hati zilikuwa zimebaki.

Kwa watafiti wa uhandisi wa programu, inapendekezwa kwamba tathmini ya zana ya ufungamanishaji isiishie kwenye kasi na urahisi wa matumizi. Ipime pia kile kinachorudi pale hati inaposomwa kuwa objekti na kuandikwa tena kuwa hati. Kilichopungua katika mzunguko huo ndicho kipimo halisi cha mamlaka ambayo programu imejitwalia juu ya data ya watu wengine.